Kiti cha Dirishani Usiku wa Fataki

Eikichi alipomposa Mitsue hakumwahidi nyumba wala mapambo, kwa kuwa hakuwa navyo. Alimwahidi fataki. Walikuwa wamesimama darajani, yeye kijana wa mashua mwenye shingo iliyobabuka kwa jua, na Mitsue muuzaji katika duka la tofu, chakula cha soya, nyuma ya gati, msichana wa milimani ambaye bado aliogopa kuvuka barabara. Eikichi alinyoosha kidole katikati ya mto Sumida.

"Unaona pale? Kila kiangazi mashua yetu inatia nanga pale pale. Ukiolewa na mimi, kila mwaka utatazama fataki kutoka kiti kizuri kuliko vyote Tokyo."

Mitsue akakubali. Miaka ya baadaye alipenda kuwaambia watu kwamba aliolewa kwa ulaghai, tena mbele ya mlaghai mwenyewe, ambaye alikuwa akijikuna shingo na kutazama pembeni.

Maana mashua ile, pana, yenye paa, wageni wakikaa kwenye mikeka mbele ya meza ndefu wakila tempura, yaani kamba, samaki na mboga zilizokaangwa kwa rojo la unga, na kunywa sake, pombe ya mchele, ilikuwa na nafasi ya wageni na nafasi ya jiko, na bibi harusi wa nyumba ile nafasi yake ilikuwa jikoni. Kiangazi cha kwanza mama mkwe wake alimpa vijiti virefu vya kupikia, akamsimamisha mbele ya sufuria la mafuta ya ufuta, kisha akavuta ubao wa dirisha akafunga. Usiku wa fataki mashua zote huzima taa ili anga lionekane vizuri, lakini mpishi hawezi kupika gizani, kwa hiyo jikoni huachwa taa moja, na dirisha la upande wa mto hufungwa, na pazia la mlango wa kuingilia kwa wageni hushushwa, mwanga usiwachukize watu. Mitsue aliuliza, kwa adabu zote, kama angeweza kuchungulia kidogo.

"Fataki ni za wageni," mama mkwe akasema. "Sisi tunapika."

Mwenyewe alikuwa amezeeka katika jiko lile bila kuona hata moja, na hakuonekana kuwa na kinyongo. Baadaye alifariki, jiko likabaki la Mitsue, na Mitsue naye akawa hafungui ubao ule.

Msidhani alikuwa mtu wa kununa. Maisha ya mashua aliyapenda. Alipenda msimu wa micheri inapochanua kingoni, walevi wakiimba bila hata kuitazama. Alipenda asubuhi za kuosha mikeka, na alipenda mafuta. Hapo lazima nieleze kidogo. Kwao milimani walifuga viwavi wa hariri, na utotoni alilala chini ya dari ambayo juu yake viwavi walitafuna majani ya mforosadi usiku kucha, sauti kama mvua ya rasharasha. Mama yake aliweza kujua kwa sauti ile kama wameshiba au bado. Siku Mitsue aliposimama mara ya kwanza mbele ya mafuta ya moto, aliisikia mvua ile ile. Kamba akitumbukia, mvua kubwa. Maji yakimwishia, manyunyu. Manyunyu yakikaribia kukatika, mtoe. Basi akapika kwa masikio, samaki aina ya mkunga, samaki mweupe, biringanya, majani ya shiso, na wageni wakasema hakuna mashua mtoni yenye tempura nyepesi kama ile.

Fataki nazo alizijua kwa masikio. Alijua ile kubwa inayopanda ikipiga mluzi, akajua ile inayopasuka mara mbili, na ile inayotatarika baada ya kufunguka kama chumvi kwenye kikaango. Rangi hakuzijua. Kila mwaka, fataki zikiisha, Eikichi alishuka kutoka kwenye usukani wake juu ya paa, akaingiza kichwa jikoni na kuuliza, "Umeziona?" Na Mitsue alijibu, "Nimezisikia." Wakacheka, wakaanza kuosha vyombo. Ilikuwa imeshakuwa salamu ya nyumba.

Mwaka huu bega la kulia la Mitsue lilikataa. Lilianza kulalamika tangu majira ya baridi, likawa halinyanyui sufuria, kisha halinyanyui hata ndoo. Mtoto wao Seiji ndiye anayefunga kamba za mashua na kupeleka sahani, lakini mkewe, Nozomi, alikuwa jikoni na Mitsue mwaka wa tatu sasa, akichuna kamba, akikoroga rojo la unga na maji ya barafu, akikaanga usiku wa kawaida wageni wakiwa wachache. Nozomi alikuwa binti wa muuza kroketi. Baba yake ana kijiduka chini ya reli, mahali pa kukaanga viazi vya kusaga na kuvifunga kwenye karatasi, wateja wakila wamesimama, na hadi mwaka jana kila usiku wa fataki Nozomi alikwenda kumsaidia huko. Mitsue hakuwahi kusema neno baya juu ya kroketi. Hakuwahi pia kusema neno zuri.

Msichana alikuwa mwepesi, hilo Mitsue alikiri, ila alikuwa na tabia moja iliyomkera. Alivizamisha vijiti kwenye mafuta na kuviacha humo vikigusa samaki, muda mrefu, kama mtu anayepima maji ya kuoga.

"Toa vijiti, sikiliza," Mitsue alikuwa akimwambia. "Mafuta yanasema. Wewe unayashika mkono ya nini, unayafariji?"

"Sawa, Mama," Nozomi alikuwa akijibu, na baada ya muda vijiti vilirudi mle mle.

Mambo yakaamuliwa mezani, wakila tambi baridi. Aliyeanza ni Mzee Kuramochi. Mzee huyu, aliyekuwa na duka la ndara za mbao mtaani Asakusa kabla ya kumwachia mwanawe, hajakosa usiku wa fataki kwenye mashua yao tangu Seiji akiwa mgongoni mwa mama yake, na kila mwaka alichukua nafasi mbili za dirishani, yake na ya mkewe. Bi Toyo alifariki wakati wa baridi. Mzee akapiga simu, akasema kwamba amejikuta ameagiza nafasi mbili kama kawaida na hana moyo wa kufuta moja. Kwa nini Mama asikae pale?

"Na nani atapika?" Mitsue akauliza.

"Nozomi," Eikichi akasema, akiwa bado na tambi mdomoni.

"Usiku wa fataki?"

"Kwani usiku wa fataki kamba wana mikono? Mama Seiji, nina deni la kukuonyesha fataki tangu nina nywele. Nisaidie nilifute kabla sijafa."

Nozomi alikuwa ameinamisha kichwa. Seiji akatazama bakuli lake, maana mwanamume mwenye akili akiwa kati ya mama na mke hutazama bakuli. Mitsue akasema haya, sawa, atakaa. Moyoni alifurahi kama mtoto. Moyoni humo humo kitu kingine kiliketi, na hicho hakikuwa furaha. Je, kama atakaa dirishani, na Nozomi akapika, na wageni wasione tofauti? Basi mikono yake ya miaka yote ile ilikuwa ya nini?

Akamfundisha Nozomi yote yaliyobaki. Ila jambo moja.

Kabla ya kishindo cha mwisho, usiku wa fataki, huwa kuna kimya. Moshi unakuwa umejaa juu ya mto na mafundi wanasubiri upepo uuondoe. Katika kimya hicho, mwanamke wa jikoni anatakiwa akaange kakiage yote, yaani kamba wadogo na vitunguu vilivyoshikanishwa kwa rojo, na aitoe yote, kwa sababu kishindo kikianza kinameza sauti ya mafuta, na kakiage huungua upesi kuliko kitu chochote. Nyumba yao ina desturi: kishindo kikiisha tu, kila mgeni anapata bakuli la wali, kakiage juu yake, chai ya moto imemiminwa, watu wakila wakiwa bado na macho yaliyojaa fataki. Kiangazi cha kwanza Mitsue hakulijua hilo. Aliunguza sufuria zima, na wageni wakala wali na achari. Mama mkwe hakumwambia neno, na ile ya kutoambiwa neno ndiyo iliyouma.

Hilo hakumfundisha Nozomi. Mara ya kwanza alisahau kweli. Mara ya pili alikumbuka, lakini walikuwa na kazi nyingi. Baada ya hapo hakusahau tena, na hakusema pia.

Jumamosi ya mwisho ya Julai ikafika na joto lake. Mashua zilijipanga mtoni tangu mchana, kila moja mahali pake, na kingo zote mbili zilijaa watu na mikeka ya plastiki ya bluu, na kila dirisha la kila ghorofa lilikuwa na vichwa. Mitsue alivaa yukata, lile vazi la pamba la kiangazi, ya bluu yenye maua meupe ambayo kwa umri wake aliiona ya kitoto. Alipotokea kwa wageni, Mzee Kuramochi aliweka upepeo wake chini.

"Aisee. Kumbe Mama ana miguu. Mimi miaka yote nimeona mikono tu ikitoka nyuma ya pazia."

"Na mimi miaka yote nimeona sahani zako tu zikirudi tupu. Nilidhani ni mtu mnene."

"Kaa, kaa. Mto umeanza kutulia."

Akakaa kwenye mto wa kukalia wa Bi Toyo, dirisha limeondolewa, upepo wa maji ukimpiga usoni. Alimkumbuka yule mama. Kila mwaka, wengine wakishuka gatini, Bi Toyo peke yake ndiye aliyefunua pazia la jikoni na kusema asante, mara nyingi akiwa na mchuzi kifuani. Alikuwa mtu wa kutazama sahani kuliko anga. Mitsue alirekebisha ukosi wake, akaweka mikono mapajani, kisha hakujua aiweke wapi.

Sahani za kwanza zikaja kabla giza halijakamilika. Seiji aliziweka mezani bila kumtazama mama yake. Mitsue akachukua kamba, akamgusisha kidogo kwenye chumvi, akauma. Ganda lilivunjika kwa wepesi, nyama ndani ilikuwa tamu na bado ina uhai. Alitafuna taratibu akitafuta kosa. Akatafuna tena. Halikuwepo.

Mzee Kuramochi naye alitafuna, macho juu, kama mtu anayeonja sake ya mashindano. "Si mbaya," akasema. "Kijana anajitahidi. Lakini unajua, mtu huwezi kudanganya ulimi. Kuna kitu hakipo."

"Kitu gani?"

"Hakisemeki. Mkono."

Moyo wa Mitsue ukaruka kwa furaha. Alijionea aibu papo hapo, kwa sababu alijua vizuri kwamba kamba yule hakuwa na upungufu wowote, lakini ile furaha ikakataa kuondoka. Ikakaa naye dirishani kama mgeni wa tatu.

Kisha taa zikazimwa, mashua baada ya mashua, mto mzima ukawa mweusi, na fataki ya kwanza ikapanda ikipiga mluzi aliokuwa akiujua kuliko sauti ya mtoto wake. Ikapasuka. Ilikuwa ya dhahabu. Miaka yote ile alikuwa ameifikiria nyekundu.

Kutoka mashua zote watu wakaanza kupaza "Tamaaayaaa!", jina la mafundi wa fataki wa zamani sana ambao nyumba yao haipo tena, lakini mdomo wa Tokyo haujawahi kuona haja ya kutafuta jina jingine. Juu ya paa Eikichi alikuwa akiita kuliko wote. Mitsue alitazama. Zikaja za kijani, za zambarau, zikaja zile zinazoning'inia kama matawi ya mti wa kando ya maji na kushuka polepole hadi karibu ziguse mto. Ile ya kutatarika kumbe ilikuwa nyeupe. Alifurahi, machozi yakamtoka kidogo, na Mzee Kuramochi, ambaye hakuwa mjinga, akageukia upande mwingine akijipepea.

Lakini masikio hayakukubali kukaa mezani. Macho yako juu, masikio yako nyuma ya pazia. Katikati ya mluzi na mpasuko alisikia mafuta: sasa mkunga anaingia, sasa anageuzwa, toa, toa, ametolewa. Vizuri. Sasa biringanya. Alisikia Seiji akimwambia Nozomi kitu na Nozomi akicheka. Kucheka? Usiku wa fataki? Yeye katika jiko lile hakuwahi kucheka mpaka mambo yamekwisha.

"Mama, umekuja kutazama au kulinda?" Mzee Kuramochi akamuuliza. "Maana shingo yako imegeuka nyuma."

"Natazama."

"Unatazama pazia."

Muda wenyewe ulikuwa umefika. Fataki zilikuwa zimekoma, moshi umetanda juu ya maji wa kijivu, mzito, una harufu ya baruti, na watu wote mtoni wamenyamaza wakisubiri. Kimya kile. Mitsue akatega sikio. Hakusikia mvua. Hakuna kilichokuwa kikikaangwa. Nozomi alikuwa anangoja, kama Mitsue alivyotabiri, akidhani kuna wakati.

Na hapo akakaa na chaguo lake mapajani. Angetulia tu pale alipo, angepata vyote viwili: kishindo cha mwisho, chote, kutoka kiti cha dirishani, na kisha kakiage iliyoungua, na watu wote kwenye mashua wakisema, kwa upole, kwamba hapana, bila Mama mambo hayaendi. Hakuna ambaye angemlaumu. Hakuwa amefanya kitu. Angesimama, angekikosa kile alichokingoja tangu darajani, na hakuna ambaye angejua kwa nini.

Akakumbuka wali na achari. Akakumbuka siku zile za kutoambiwa neno, jinsi alivyoosha mikeka iliyokwisha kuoshwa ili asionekane analia. Upepo ukaanza kuvuta moshi.

"Naomba radhi, Mzee," akasema, akashika ukosi wa yukata na kuinuka, goti likalia.

"Wewe! Sasa hivi ndiyo zinaanza!"

Alipita kati ya meza na migongo ya wageni, akawakanyaga wawili, akafunua pazia na kusema kabla hajaingia, "Nozomi, kakiage, sasa, ukichelewa hutasikia..."

Jikoni kulikuwa giza. Taa ilikuwa imezimwa. Chini ya sufuria kulikuwa na duara la moto wa bluu tu, na kando yake ubao wa dirisha, ule uliofungwa tangu enzi za mama mkwe wake, ulikuwa wazi mpaka mwisho. Mto wote ulikuwa pale. Nozomi alisimama ametazama nje, mkono wake wa kulia umeshika vijiti juu ya bakuli la rojo.

"Mama? Bega limeanza tena?"

"Kwa nini umezima taa?"

"Siihitaji. Nikaona kama hakuna taa, dirisha halina haja ya kufungwa." Kisha, kwa woga kidogo, "Nimekosea?"

Kishindo kikaanza. Hakikuanza polepole, anga lote lilifunguka kwa mara moja, vyombo vikalia kwenye rafu, na Nozomi, akiwa anatazama juu, akatumbukiza kakiage ya kwanza. Mitsue akaruka kuzuia mkono wake, akachelewa. Ya pili ikaingia, ya tatu. Hata mtu angepiga mayowe ndani ya sufuria lile, usingesikia. Vijiti vya Nozomi vikazama, vikagusa, vikakaa. Macho yake yalikuwa kwenye fataki. Uso wake ulikuwa mwekundu, kisha kijani, kisha dhahabu. Mkono ukageuza kakiage, ukangoja, ukaitoa. Mitsue akaisogeza kwenye mwanga. Ilikuwa ya rangi ya majani makavu ya vuli, kila uzi wa kitunguu umesimama.

Akamsogelea sikioni na kupaza sauti. "Unajuaje?"

"Inatetemeka!" Nozomi naye akapaza. "Kwenye vijiti! Ikiiva inaacha kutetemeka! Dukani kwetu treni inapita juu kila saa, Mama, ukisubiri kusikia utaunguza kila kitu!"

Miaka mitatu alikuwa akimkemea atoe vijiti. Mitsue akatazama mkono ule, akatazama dirisha. Kisha akaanza kucheka, akashika ukingo wa meza asianguke, kwa sababu ilikuwa wazi kabisa kwamba binti wa muuza kroketi, usiku wake wa kwanza, amepata kile ambacho yeye na mama mkwe wake hawakukipata kwa maisha yao mawili, na alikipata kwa kuvuta ubao.

"Sogea!" akamwambia.

"Nini?"

"Sogea kidogo, unaniziba!"

Nozomi akasogea. Wakabanana dirishani, bega zima na bega bovu, mafuta yakichemka ubavuni mwao, na mbele yao hapakuwa na paa, wala kichwa cha mtu, wala kitu chochote ila maji na moto. Zilipanda nyingi hata zikawa hazina nafasi. Kila moja aliyoijua kwa sauti ilipanda na rangi yake. Mitsue, ambaye hajawahi kupaza sauti mbele ya mkaza mwana wake ila kukemea, alitoa kichwa dirishani na kuita "Tamaaayaaa!" mpaka koo likakwaruza. Kwenye mashua ya jirani mtu akaitikia.

Kisha giza, na makofi kutoka kingo zote mbili, na wali ukapakuliwa. Mitsue alishika birika la chai kwa mkono wa kushoto. Nozomi akabeba sinia. Wakatoka pamoja.

Mzee Kuramochi alipokea bakuli lake kwa mikono miwili. Alikuwa ameona kiti kitupu, na alikuwa na uso wa mtu aliyejua tangu mwanzo. Akauma. Akafumba macho.

"Ndiyo hii," akasema, kwa sauti ya kusikiwa na meza nzima. "Si niliwaambia? Kashindwa kukaa, karudi jikoni mwenyewe. Mkono wa Mama haujifichi."

Wageni wakaitikia, hm, hm, kweli, tofauti ipo. Nozomi alisimama na sinia, macho chini. Mke wa nyumba ile hawezi kumsahihisha mgeni. Mitsue alikuwa na birika mkononi. Hakutakiwa hata kusema neno. Kutikisa kichwa tu kungetosha, na ile furaha ya mwanzo ilikuwa bado imekaa pale dirishani ikimngoja, imeshamwekea nafasi.

"Mimi sijagusa hata kijiti," akasema. "Mkono ni wa Nozomi. Na kamba wa mwanzo ni wa Nozomi, na mkunga ni wa Nozomi. Mimi nilikwenda jikoni kutazama fataki."

Mzee Kuramochi akatazama kakiage yake iliyoumwa, kama aliyekuwa akitaka imsaidie.

"Basi ulimi wangu umezeeka," akasema.

"Haujazeeka. Tatizo unatazama kwanza nani kakaa wapi, ndipo unaonja."

Mtu akacheka, kisha wote, na Mzee Kuramochi mwenyewe akacheka mpaka akapaliwa na chai. Alipopata pumzi aliweka bakuli chini, akamgeukia Nozomi na kuinamisha kichwa chake chenye upara hadi karibu na meza, kama alivyokuwa akifanya mkewe nyuma ya pazia. "Asante kwa chakula," akasema. Nozomi akainama naye, chini zaidi, na alipoinuka masikio yake yalikuwa mekundu.

Eikichi alishuka kutoka juu ya paa sauti imemkauka. Alikiona kiti cha Bi Toyo kitupu, uso ukamwanguka. Akaenda jikoni moja kwa moja, akaingiza kichwa, akamkuta Mitsue amekalia ndoo iliyogeuzwa, chini ya dirisha lililo wazi, akila kakiage kwa vidole, na yukata ya maua meupe ina tone la mchuzi kifuani.

"Mama Seiji. Nilikuwekea kiti." Alikuwa karibu kulia. "Umeziona?"

"Nimeziona," Mitsue akasema, akajisogeza kwenye ndoo kumpa nafasi. "Funga mdomo, kaa hapa. Mwakani nitakuonyesha kutoka wapi."